Mwongozo kwa Mwimbaji Chipukizi wa Opera Aliyeko Nairobi

Vijana wanaonijia kutaka ushauri juu ya uimbaji wa opera huanza karibu wote na swali moja: nitafikaje Ulaya? Ni swali la haki, kwa kuwa Nairobi haina jumba la opera lenye waimbaji wanaolipwa mshahara wa kila mwezi, na mtu anayetaka kuishi kwa kazi hii pekee hatimaye atalazimika kuvuka mipaka. Hata hivyo swali hilo huja mapema mno. Sauti ya opera hukomaa polepole: soprano nyepesi anaweza kuwa tayari kwa jukwaa kubwa akiwa na umri wa miaka 25 au 26, lakini besi, baritoni na sauti nzito za kike mara nyingi hazitulii mpaka miaka 30 ipite. Kwa hiyo aliyemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18 ana miaka minane au kumi ya kujijenga, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ataipitia hapa hapa, akiimba harusini, akifundisha watoto wa watu na kupanda matatu kwenda mazoezini. Kazi yake kubwa katika kipindi hicho ni kuhakikisha kwamba vibarua vinavyomlisha leo haviiui sauti atakayoihitaji baadaye, na mengi ninayoyaeleza hapa yanarudi kwenye jambo hilo.

Ulichopewa na kwaya

Karibu kila mwimbaji wa Kenya amelelewa na kwaya, iwe ya kanisa, ya shule au zote mbili, na Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1927, limewapitisha wengi wetu jukwaani kabla hatujalijua hata neno opera. Urithi huo usiudharau. Umekupa sikio linaloshika sauti ya alto au ya teno huku soprano na besi zikivuta kila moja upande wake, umekuzoesha kukariri wimbo mrefu kwa wiki moja, na umekuondolea hofu ya macho ya watu.

Upungufu wake mkubwa uko kwenye usomaji. Wengi wetu husoma solfa, ule mfumo wa kuandika muziki kwa do, re, mi ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa kwetu na wamisionari, tena tunausoma kwa kasi inayomshangaza mgeni. Lakini katika opera hakuna atakayekupa karatasi ya solfa. Utapewa kitabu chenye nota za mistari mitano, mara nyingine Jumatatu, na kutakiwa uimbe Alhamisi. Kuna mtego mwingine unaowanasa hata waliojifunza nota vizuri: katika solfa yetu "do" huhama kufuata ufunguo wa wimbo, ilhali Italia na Ufaransa "do" ni nota moja isiyohama, ile ambayo Waingereza huiita C. Mwimbaji wetu akiambiwa na mwongozaji Mwitaliano aanzie kwenye "sol" katika wimbo ulio kwenye ufunguo wa re, yeye huanzia kwenye "la" yao, kwa kujiamini kabisa, na chumba kizima kikamgeukia. Jifunze nota sasa. Mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, ambayo hufanyika Nairobi, ni njia moja ya kujilazimisha, maana huwezi kufanya mtihani wa kuimba wa gredi ya 6 kabla ya kufaulu nadharia ya gredi ya 5 au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake.

Tofauti ya pili ni ya ndani zaidi. Katika kwaya unafundishwa kuificha sauti yako ndani ya sauti za wenzako. Katika opera inatakiwa isikike peke yake, bila kipaza sauti, juu ya okestra ya watu 50 au 60, mpaka kwa mtu aliyekaa kiti cha mwisho cha ghorofani. Jambo hili haliwezekani kwa kutumia nguvu. Linawezekana kwa sababu okestra hubeba uzito wake mwingi katika masafa ya chini, karibu na hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), ilhali sauti iliyofunzwa hukusanya mng'ao wake karibu na hezi 3,000, mahali ambapo ala zimekwisha kupungua nguvu na sikio la binadamu ni jepesi. Mwimbaji hupita kwenye nafasi hiyo iliyoachwa wazi. Anayepiga kelele hubana koo, na kwa kubana koo huupoteza mng'ao ule ule ambao ungemfikisha ghorofani.

Sasa mfikirie kijana anayeimba ibada tatu kila Jumapili, spika zikiwa nyuma yake na ngoma ubavuni. Hajisikii mwenyewe, kwa hiyo anasukuma, na kufika ibada ya tatu koo limekwisha kuvimba. Simwambii aache kwaya ya kanisa, maana huko ndiko waliko watu watakaomchangia nauli siku ya safari. Namwambia achague ibada moja, asimame mbali na spika, na wiki yenye mtihani au usaili amwendee mwalimu wa kwaya mapema na kumwambia, "Mwalimu, wiki hii naomba unipumzishe, nina usaili Alhamisi." Walimu wengi wa kwaya huelewa wakiheshimiwa. Wasichosamehe ni kumtafuta mwimbaji kwa simu ibada ikiwa imeanza.

Mwalimu wa sauti, na mpiga piano

Kujifunza kwa video za intaneti pekee hakutoshi, kwa sababu sauti unayoisikia ndani ya kichwa chako siyo inayosikika nje, na simu hubana mng'ao ule nilioutaja mpaka mwalimu aliye mbali asiweze kuupima vizuri. Tafuta mtu atakayekuwa chumba kimoja nawe. Conservatoire of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1944, imefundisha vizazi kadhaa. Chuo Kikuu cha Kenyatta na Technical University of Kenya vina idara za muziki. Tena wapo walimu binafsi wanaofundisha majumbani mwao. Chuo chenyewe hakinisumbui sana kama dalili za mwalimu. Mwalimu mzuri hukuacha na sauti nyepesi kuliko uliyoingia nayo. Ukitoka darasani umekauka koo mara moja, huenda ulikuwa umechoka. Ukitoka hivyo wiki tatu mfululizo, mshukuru kwa adabu, lipa deni lako, na utafute mwingine. Vilevile mwogope mwalimu anayempa mtoto wa miaka 19 nyimbo za Puccini au Verdi, watunzi wa opera zinazodai sauti iliyokomaa, kwa sababu wazazi watapiga makofi kwenye onyesho la mwisho wa muhula. Umri huo ni wa nyimbo fupi za Kiitaliano za kale, Handel na Mozart, nyimbo zinazoanika kila kosa la pumzi kwa kuwa hakuna okestra nene ya kulifunika.

Mpiga piano ni kiumbe adimu Nairobi kuliko mwimbaji. Wako wengi wanaoweza kuifuata kwaya kwa sikio, lakini anayeweza kusoma aria mpya (wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera), kupumua pamoja nawe na kukuambia kwamba umeiba nusu pigo kwenye ukurasa wa tatu, hao ni wachache na wote wana shughuli. Mlipe kwa wakati, hata kama fedha yako mwenyewe imechelewa.

Lugha

Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili amebahatika bila kujua. Vokali zetu tano ni safi. "O" yetu haianzi kama "o" ikaishia kama "u" jinsi inavyofanya kwa Mwingereza, na mwanafunzi wa London hutumia muda mwingi kujifunza kile ambacho mtoto wa Mombasa anacho tangu alipoanza kuita mama. Mkazo wa neno la Kiitaliano nao huangukia mara nyingi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu. Basi anzia Kiitaliano, na uanze ukijua kwamba nusu ya nyumba imekwisha jengwa.

Nusu iliyobaki ina kazi. Kiitaliano kina sauti saba za vokali, kwa kuwa "e" na "o" zina namna mbili, ya wazi na ya kufumba: "pesca" yenye "e" ya wazi ni tunda la pichi, na yenye "e" ya kufumba ni uvuvi. Kina pia konsonanti za kushikiliwa, ambazo Kiswahili hakina. "Pala" ni sepetu na "palla" ni mpira, na tofauti yake ni muda ambao ulimi unakaa kwenye "l". Sisi ambao lugha ya mama inachanganya "r" na "l" tuna mtihani wetu wa ziada. Tumeshazoea kutaniwa nyumbani, lakini jukwaani utani huo una gharama, kwa sababu "caro" ni mpenzi na "calo" ni upungufu, na mwanamke anayemwimbia mchumba wake kwamba yeye ni upungufu atachekesha mahali palipoandikiwa machozi.

Taasisi ya Utamaduni ya Italia ipo mjini, na Goethe-Institut ya Kijerumani na Alliance Française ya Kifaransa ni majirani pale kwenye mitaa ya Loita na Monrovia, mwendo wa dakika chache kutoka vituo vya matatu vya katikati ya jiji. Kijerumani kifuate Kiitaliano, kwa sababu za ajira nitakazozieleza, kisha Kifaransa. Usikubali kuimba lugha kama kasuku: chini ya kila mstari wa wimbo andika maana ya kila neno kwa Kiswahili, neno kwa neno, mpaka ujue ni neno lipi hasa linalobeba uchungu.

Koo lako na hali ya hewa

Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na, hasa Januari na Februari, kavu yenye vumbi. Nyuzi za sauti hutetemeka vizuri zikiwa na unyevu, na unyevu huo hutoka ndani ya mwili, kwa hiyo kunywa maji tangu asubuhi badala ya kuyanywa kwa pupa dakika tano kabla ya kuimba. Chai ya tangawizi na asali ni burudani, nami naipenda, ila fahamu kwamba chochote unachomeza hupita kwenye umio na hakizigusi nyuzi za sauti, ambazo hujifunga wakati wa kumeza. Mvuke wa maji moto huzifikia.

Nyama choma ya saa nne usiku ikifuatwa na kitanda saa tano ni adui asiyetajwa. Asidi ya tumbo hupanda usiku, humwagikia karibu na nyuzi za sauti, na asubuhi unalaumu baridi. Ukikwaruza sauti kwa zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie kwa kamera, maana vinundu vya nyuzi za sauti vinavyogunduliwa mapema mara nyingi huondoka kwa mapumziko na mazoezi ya sauti bila kisu.

Kazi za kulipwa mjini

Mwimbaji wa hapa hula kutokana na sahani nyingi ndogo. Desemba huleta maonyesho ya Messiah ya Handel, ambayo waimbaji wake wanne wa peke yao ni nafasi nzuri ya kwanza kwa kijana, kwa kuwa muziki huo hauhitaji sauti nzito na wasikilizaji wanaujua kiasi cha kukusamehe woga. Nairobi Music Society na Nairobi Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1947, huandaa matamasha, na Nairobi Chamber Chorus, iliyoanza mwaka 2005, imewanoa waimbaji wengi katika usomaji na nidhamu. Kwa upande wa opera yenyewe, Baraka Opera Kenya ya soprano Rhoda Ondeng Wilhelmsen imeleta opera ya Kikenya, Nyanga: Runaway Grandmother, na nafasi katika kazi mpya ya aina hiyo ina thamani ya pekee: jukumu ambalo hakuna rekodi ya mtu mashuhuri ya kuiga hukulazimisha kufikiri.

Kisha kuna harusi, mazishi na dhifa za kampuni. Hizi zichukue, lakini zichukue kwa maandishi. Miaka iliyopita niliimba kwenye bustani moja huko Karen, nje, upepo ukivuma, nikishindana na jenereta, kwa makubaliano ya mdomo na mwandalizi aliyeniita "dada yangu" tangu salamu ya kwanza. Kesho yake simu yake ikawa "mteja hapatikani", na mpiga piano wangu nikamlipa kutoka mfukoni. Tangu siku hiyo nusu ya malipo huingia kwenye M-Pesa kabla sijafungua kitabu cha nota, na ujumbe wa makubaliano hutaja saa, idadi ya nyimbo, nani analeta piano, na kama ni ndani au nje. Unapotaja bei hesabu mpiga piano, mazoezi mawili, teksi ya usiku na ufuaji wa gauni au suti, kisha ndipo uongeze chako. Kampuni zitakutaka namba ya KRA, yaani ya mlipa kodi, na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na asiye nazo hurukwa hata kama anaimba kama malaika. Jisajili kabla hujaitwa.

Za bure zikatae nyingi. Ipokee ile itakayokupa jukumu halisi la opera, au rekodi nzuri, au wiki ya kufanya kazi na mtu anayekuzidi. "Utajulikana" haijawahi kulipia nauli.

Kufundisha watoto ni chanzo cha mapato kilicho imara kuliko vyote, lakini saa tano za kuongea kwa sauti ya darasani huchosha koo kuliko saa moja ya aria. Piga piano, tumia mikono, ongea kidogo.

Nyimbo tano na video moja

Usaili wa opera duniani kote hutaka takriban aria tano, katika lugha na vipindi tofauti, na wanaokusikiliza karibu hakika watataka kusikia Mozart. Wewe huchagua ya kwanza, wao huchagua inayofuata. Ya kwanza na iwe ile unayoweza kuiimba ukiwa na mafua, baada ya kulala vibaya, mbele ya watu wanaokula mchana wao. Usiweke kwenye orodha wimbo ambao unaomba Mungu wasiuchague, maana ndio watakaouchagua. Nota za kazi zilizotoka kwenye hakimiliki hupatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP. Zichapishe, zipange kwenye faili ambalo mpiga piano anaweza kuligeuza bila kurasa kuanguka, tia alama kila mahali palipokatwa, na umwonyeshe kasi kwa kumnong'onezea mstari wa kwanza. Kumpigia vidole mpiga piano usiyemjua ni ufidhuli, na yeye ndiye aliyeshika maisha yako kwa dakika nne zijazo.

Kwa aliye Nairobi, video huamua zaidi ya usaili wa ana kwa ana, kwa kuwa mara nyingi ndiyo mlango wa kwanza. Omba kanisa la mawe siku ya kazi asubuhi, kabla ya mafundi na kabla ya mvua kupiga bati la jirani. Hakikisha piano imetuniwa. Weka kamera mbali kiasi cha mita nne hivi, uonekane uso na mwili. Kila aria irekodiwe mara moja moja kwa moja, bila kuunganisha vipande na bila kuongeza mwangwi, kwani masikio ya waamuzi huutambua mara moja na hapo hawakuamini tena. Ukitoa video ya miaka miwili iliyopita unawaonyesha mtu mwingine.

Kuvuka mipaka

Kabla ya Ulaya, tazama kusini. Chuo Kikuu cha Cape Town kina shule ya opera, na Afrika Kusini imetoa waimbaji waliofika kileleni: Pretty Yende, mzaliwa wa Piet Retief, alishinda Operalia, shindano la kimataifa la waimbaji wa opera, mwaka 2011 na kuimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles III mwaka 2023, Levy Sekgapane alishinda Operalia mwaka 2017. Shindano hilo hupokea waimbaji wa miaka 18 hadi 32, na mengi mengine yana mipaka inayokaribiana, kwa hiyo weka kalenda.

Ujerumani ina nyumba zipatazo 80 za opera zinazogharimiwa na umma, nyingi zikiwa na waimbaji wa mshahara wanaoimba majukumu mengi kila msimu, na ndiyo sababu nilikwambia Kijerumani kifuate. Vyuo vingi vya muziki vya serikali huko havitozi ada ya masomo, ila baadhi hutoza, kama vile vya jimbo la Baden-Württemberg vinavyowatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini viza ya masomo hudai akaunti iliyofungwa, yaani ile unayoruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kila mwezi, yenye fedha za kujikimu, kiasi kilichowekwa euro 11,904 kwa mwaka tangu mwaka 2024. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo ambalo lina ofisi Nairobi, hutoa ufadhili wa muziki kwa waliokwisha kupata shahada. Uingereza ada ni nzito, maombi ya vyuo vya muziki hufungwa mapema Oktoba mwaka mzima kabla ya masomo, na viza ya zaidi ya miezi sita huhitaji cheti cha kupimwa kifua kikuu.

Baada ya chuo kuna programu za wasanii vijana, kama ile ya Jette Parker katika Royal Opera House ya London tangu mwaka 2001 na ya Lindemann katika Metropolitan Opera ya New York tangu mwaka 1980, ambazo hukulipa huku zikikufundisha. Matangazo mengi ya nafasi hizo hukusanywa kwenye tovuti ya YAP Tracker, kwa ada ya mwaka. Wakala halisi huchukua fungu lake, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, baada ya wewe kulipwa. Anayekutumia ujumbe akitaka ada ya usajili ili akupeleke Vienna hana Vienna ya kukupeleka.

Siku ukipata usaili wa ana kwa ana, panga ufike siku mbili kabla. Ndege hukausha koo, na ukitoka Nairobi kwenda mji ulio chini, pumzi utaiona ndefu kuliko ulivyozoea, jambo tamu linaloweza kukufanya uimbe kwa kasi isiyo yako. Siku ya kwanza usiimbe kabisa: tembea, kunywa maji, tafuta jengo la usaili na uhesabu dakika za kulifikia. Asubuhi ya pili fungua sauti kwa dakika 15, imba ile aria ya kwanza mara moja, kisha funga kitabu mpaka kesho.